Pasipo na Jina

Palikuwa na magereji arobaini na moja,
mabati yenye kutu, nyuma ya maghorofa ya mawe ya waridi,
huku Yerevan.
Mawili tu yalikuwa na magari.
Mengine yalitunza mitungi ya achari,
milango iliyong'olewa, kitanda cha marehemu.
Tulipoyabomoa, panya walihama kwa adabu.
Wenyewe, hapana.

Nikachora. Nalipwa kuchora.
Chemchemi katikati, duara kamili,
viti kumi na viwili vikiielekea kama waumini,
njia mbili zimekatana kwa rula,
na watu wa karatasi, wembamba,
wasiokohoa, wasio na vivuli,
wasiouliza choo kiko wapi.

Bi Siranush hakuutazama mchoro.
Alikalia kreti la bia, anabangua alizeti,
na kila jua lilipomfikia magotini
alilivuta kreti hatua nne, akaketi tena,
macho yake langoni: nani anaingia, na nani,
amebeba nini.
"Chemchemi," aliniambia, "haina habari."

Jumamosi nikarudi na chaki.
Saa nne nikafuata ukingo wa kivuli, nikauandika.
Saa tano, tena. Saa sita kivuli kilikuwa kamba
chini ya ukuta, paka wawili wameigawana.
Saa tisa, viti vyangu vyote kumi na viwili
vilikuwa vinaungua katika kichwa changu.

Watoto walidhani ni mchezo.
Wakautungia sheria kabla sijamaliza kuuchora:
ukikanyaga saa saba, umeiva;
ukifika saa kumi kwa mguu mmoja, wewe ni mfalme.
Arpine, asiye na meno ya mbele,
akauliza hapa patakuwa pa nini.
Bembea, nikasema. Pale mpira. Kule wazee.
"Na pa kukaa bure tu?"

Nilitafuta jibu kwenye rula.

Ofisini, Bwana Gagik aliushika muhuri hewani.
"Hapa pana nini?"
Kivuli, kuanzia saa nane.
"Na hapa?"
Hapana.
"Hapana nini?"
Hapana kitu, bwana. Ni hapa tu.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Ramani haipendi neno hilo.
Kila kipande kina namba, kila namba ina bei.
Tukapatana: aliikata chemchemi,
akaniachia utupu wangu kwa sababu ni rahisi.

Viti sasa vinafuata mstari wa chaki,
vimepinda kidogo, vyatazama langoni.
Bi Siranush hajavikalia hata kimoja.
Ameliweka kreti lake nusu hatua kutoka cha tatu,
begi lake ndilo linalokaa kitini.

Na pale pasipo na jina
juzi walikausha zulia,
jana wawili waligombana, wakalala chali, wakanyamaza.
Kesho sijui.
Sikupachora.