Mtu Mmoja Si Soko

Dukani kwa Taherali, mtaa wa Shela, Malindi,
nilikuwa mpanga rafu, mfuta vumbi, mwandishi wa madeni.
Orodha ya mwaka ikaletwa na tarishi,
na ndani yake risasi mpya:
nyembamba, shingo ndefu, yenye mbio kuliko dada zake,
imechorwa kwa rangi kama mchumba.

Mzungu mmoja aliiulizia hotelini.
Wa pili hakutaka kupitwa.
Wa tatu alisikia kwamba wawili wanaitaka.
Taherali akalamba ncha ya penseli,
akaagiza masanduku sitini.

Zile nene za zamani
kiwanda kilikwisha kuzizika
bila tanga wala arubaini.

Kila mwisho wa mwezi Karisa alivuka Sabaki,
matope hadi magotini, bunduki ya babake begani,
safi, imepakwa mafuta,
ina kila kitu isipokuwa cha kula.
"Zimekuja?"
"Bado, Karisa."

Nilimwandikia kiwandani barua mbili.
Jibu likaja, taipu safi, adabu tele,
na maana yake, ukiivua koti:
mtu mmoja si soko.

Nilipomsomea alicheka kidogo,
akauliza kama nguruwe wanaomla mahindi
nao wamepelekewa orodha.

Sasa analinda shamba kwa debe na rungu.
Wazungu wamehamia namba nyingine.
Masanduku hamsini na matatu yangali hapa, juu, karibu na dari.
Moja tupu nimelishusha,
natilia vifungo vya mashati.
Vifungo, alhamdulillahi, vinatoka.