Dakika Kumi na Moja

Bahasha ilichanika kwenye mkanda wa kupangia barua,
saa kumi na robo alfajiri.
Effie Macaskill akasimama mikono juu
kama mpishi aliyekatizwa akikanda,
vumbi la rangi ya moshi mpaka kwenye kope.

Wenzake sitini na wawili wako nje,
katika mvua ya Inverness isiyonyesha wala kuanuka,
wakihesabiana.
Yeye yuko ndani, nyuma ya pazia la nailoni,
nami mbele yake katika vazi la plastiki
nikimsihi asijikune.

Enzi za mwalimu wangu
tungepanda vumbi hili kwenye kisahani, tungoje liote.
Siku mbili.
Subira huvuta heri, walisema.
Ile ilivuta na majeneza.

Mashine yangu haifikii sanduku la viatu.
Ndani mna utando wa dhahabu,
na juu ya dhahabu nimewaketisha mabawabu,
kingamwili, kila mmoja kafundishwa sura moja tu.
Huyu anamjua kimeta.
Huyu tauni.
Huyu wa pembeni anaijua sumu ya mbono,
mbono ule ule ulioota nyuma ya choo chetu Muheza,
tukajifunzia hesabu kwa mbegu zake.

Mwanga unaipiga dhahabu kwa mshazari, unarudi.
Mgeni akinaswa mlangoni
unarudi kwa pembe nyingine,
tofauti ndogo mno,
kama mtu anayekujibu "sijambo"
na sauti imepinda kidogo.

Dakika ya tatu. Mstari umelala.
Ya sita. Effie ananiuliza kama nina watoto.
Ya nane, mstari unashtuka,
nami nashtuka nao:
lori limepita barabarani.
Ya kumi na moja.
Umelala.

"Hakuna," nikasema.
Akaketi sakafuni, akacheka, akalia,
akauliza chai iko wapi.

Karatasi tuliisoma kulipokucha.
*Shemeji, hiki ni kijiko kimoja cha Murdo.
Kimwage pale mlipokuwa mkichimba udongo wa kuwashia moto.
Aliyebaki anakaa nami. Peigi.*

Hapakuwa na bawabu wa Murdo.
Mwanga ulikwenda kwake, ukarudi vile vile,
mashine ikasema huyu si adui
na maneno yake yakaishia hapo.
Fomu ina safu tatu. Zote nimejaza: hakuna.

Tulichoweza kukikusanya kimo katika bahasha mpya,
stempu nimelipa mimi.
Kilichobaki kilikwenda na maji ya kumwogeshea Effie,
kimo ndani ya pipa la manjano
lenye alama ya hatari.

Nilisimama kando ya lile pipa, glavu mkononi.
Nilitaka kusema pole,
nikakosa wa kumwambia.