Aliyeshika Hatamu

Mwaka Kanali Tunnicliffe aliposhika hatamu
za wanamgambo, na za kiti cha Baraza pale Edenton,
hatamu za farasi wake alizishika Kwako.

Nje. Kwenye tope la Februari, chini ya dirisha.

Ndani sauti ya bwana ikapanda:
Mfalme ametutia kongwa! Heri kufa kuliko utumwa!
Meza zikagongwa. Farasi akasimamisha masikio.
Tulia, Kwako akamwambia, hawakusemi wewe.
Wala mimi.

Jumamosi gwaride: wakulima hamsini,
bunduki kumi na tisa, waliosalia na mabua ya mahindi,
upanga wa Kanali umekwama alani.
Vita vilipokuja alipigana nusu asubuhi
akarudi na kovu la paja.
Kila alipoisimulia siku ile, mto ulizidi kupanuka.
Aliyemvusha mgongoni hakutajwa.

Tumbaku ikaichosha ardhi, yakaota madeni.
Akamuuza Phibba, mke wa Kwako,
kulipia kinanda cha bintiye.
Hakuna aliyejua kukipiga.

Wasia ulisomwa ukumbini, barafu ikidondoka paani:
Farasi wangu mzee asitiwe tena lijamu.
Apewe uwanda wa kusini, na shayiri, hadi afe.
Kwako apewe mkwe wangu.

Usiku Kwako akaenda zizini na ndoo ya maji.
Akaitungua hatamu msumarini,
ngozi iliyolainishwa na kiganja chake,
akasimama nayo kitambo.

Farasi akainamisha kichwa
bila kuitwa.