Mahudhurio

Mwalimu Bugomola aliita majina ameinamia daftari,
masharubu yamefunika mdomo kama matete,
nami jina langu likanipita.
Kweji Masalu: hayupo.
Siku arobaini na moja sikuwapo,
dawati la pili, dirishani,
viatu nimevipaka rangi mwenyewe.

Homa ya uti wa mgongo ilinikuta na miaka saba.
Ikabeba redio, jogoo, sauti ya mama,
ikaniachia kivuko cha Kamanga:
honi yake huipata kifuani
nikishika chuma.
Bubu huyo, wakamwambia mama, akaanike dagaa.
Mama akanipeleka Mwaloni, kweli,
nikaanika.
Lakini mchangani, kando ya turubai, akachora M,
akakibandika kiganja changu kooni pake,
akavuma.
Herufi zangu za kwanza zilinuka samaki.
Korongo walizikanyaga, tukaziandika upya.

Kisha bweni la shule ya viziwi.
Mikono mingi ikanisalimu kwa pamoja,
nikapewa jina lisilopita:
vidole viwili kwenye nyusi, penye kovu.
Kisha chuo, chaki, darasa langu mwenyewe.
Nafupisha. Haikuwa fupi.

Jana, ukumbi wa kata.
Muhtasari ulichapwa kabla sijafika:
"Wenye ulemavu wamewakilishwa."
Mkalimani hakulipwa, hakuja.
Karatasi ya mahudhurio ilikuja mapema, pamoja na soda.
Nikatia saini. Nipo.

Umeme ukakatika.
Kipaza sauti kikafa, midomo ikaendelea,
na safu za nyuma wakakinga masikio kwa viganja.
Sura ile naijua, nimeivaa tangu utotoni.
Nikapanda juu ya kiti.
Mikono haihitaji umeme.

Nikasema habari za Ng'washi, leba,
nesi akimpigia kelele za "sukuma" mgongoni.
Nikasema habari za Shigela,
anayebebwa kama gunia la mpunga
kupanda ngazi za ofisi hii hii
kuja kudai ngazi ziondolewe.

Nyuma kabisa mama akasimama, kanga ina magamba.
Nikauona mdomo wake: Anasema.
Tena: Anasema.
Alikosea mahali, nikamsahihisha, akacheka.

Katibu akauliza, msemaji anaitwa nani?
Mama akaweka vidole viwili kwenye nyusi.

Kalamu ikabaki hewani.
Hajui inaandikwaje.