Mraba wa Kijivu

Ayikoru alitoka Vurra alfajiri, kwa miguu,
jani la muhogo limelazwa ndani ya daftari la mtoto
lisije likanyauka kabla halijaulizwa.

Mimi nauza salio hapa Oli, ubavuni mwa fundi viatu.
Mwavuli si wangu, ni wa kampuni,
na juu yake, kwa herufi kubwa kuliko uso wangu:
INTANETI YA BURE.
Miezi mitatu nimelitangaza neno hilo
kama muuza maji anavyotangaza "baridi, baridi",
chupa zimeshinda juani.

"Basi nifungulie hiyo ya bure."
Nikafungua.
Ukurasa wa kilimo ukaja maandishi matupu,
kama kuku aliyenyonyolewa:
"Linganisha jani lako na picha iliyo hapa chini."
Na hapo chini, mraba wa kijivu.
Picha hulipiwa.

Akaliweka jani juu ya mraba.
Akaligeuza. Akainamisha shingo
kama mtu ajitazamaye kwenye kioo kilichobanduka zebaki.
"Linafanana?"
Linafanana na nini, mama?

Kando yake, bila kuitwa, ikachomoza chupa.
Ya kijani, inang'aa, hata matone ya umande unayahesabu,
na nyuma yake shamba la muhogo usio na doa.
Picha hiyo haikukata hata shilingi.
Mwenye chupa alishalipa.
"Majani ya manjano? Muhogo wako una njaa."
Bei, namba ya duka, bodaboda itakuletea mlangoni.
"Kumbe ni njaa," akasema Ayikoru,
vidole vimeshaanza kufungua pindo la leso.

Usione vyaelea, vimeundwa.
Naongeza langu: usione vya bure, vimelipiwa,
na aliyelipa hakulipa ufike utakako,
alilipa ufike kwake.

Nikaiwaza barabara ya Koboko.
Siku moja waweke kizuizi:
uendaye duka la Fulani, pita, safari njema;
uendaye zahanati, toa mia tano.
Lami ile ile, mashimo yale yale.
Tungepiga kelele hadi Kampala wazibe masikio.
Lakini barabara hii ya hewani haina vumbi,
haina askari wa kumnunia,
na kizuizi chake wamekifunga utepe wa zawadi.

Sikuyasema. Nani humhutubia mtu aliyeshika jani?
Nilichukua simu yangu, nikajiuzia emibii za mia tano
kutoka mtaji wa Anguyo, ambaye huhesabu.

Mraba ukaanza kufumbuka kutoka juu,
mstari, kimya, mstari,
kama mkeka mikononi mwa mfumaji mvivu.
Jani likatokea. Limejikunja vivyo hivyo,
madoa ya manjano pale pale.
Batobato.
Haina dawa ya chupa. Ng'oa, choma,
pingili zake usipande, wala usimgawie jirani.

Fundi viatu aliacha kugonga msumari.

"Dada yangu Candiru," akasema Ayikoru,
"alinunua chupa hiyo mwezi wa tatu. Mbili."
Akalirudisha jani daftarini, kati ya hesabu za kutoa
na ramani ya Uganda iliyochorwa kwa penseli.
"Na pingili nilizopanda
alinipa yeye."
Hakuniaga. Alikuwa na shamba la kuchoma
na enyasa ya mwaka mzima ya kuwaza upya.

Jioni Anguyo akaja na kitabu chake.
Mia tano haionekani.
Nikamwambia aandike: picha moja, ya jani.
Kalamu ikasimama kwenye safu ya mdaiwa.
"Nimwandike nani?"

Nikatazama juu.
Jua la machweo lilikuwa limepenya kitambaa,
na kwetu sisi tuliokaa chini ya mwavuli
zile herufi zilisomeka kinyume.