Mbili za Ctibor

Kituo cha waokoaji, milima ya Tatra, Januari,
theluji imefika kwenye kitasa cha mlango.
Umeme ukakatika, ukarudi,
nasi tukaikodolea macho kompyuta ya ramani
ikijikongoja: nembo ya kiwanda, giza,
kistari cheupe kinapepesa, giza tena.
Sekunde arobaini na tisa.
Redioni mtu aliyevunjika mguu
alikuwa akituomba radhi kwa usumbufu.

Aliokolewa. Mguu umeunga.
Ila mimi, Bohdana, fundi wa mitambo,
buti za kuazima, mshahara wa kuhesabika,
sikupata usingizi.

Asubuhi nikaipekua kama mifuko ya mlevi:
umezipeleka wapi?
Ikakiri kidogo kidogo.
Tatu, naonyesha nembo.
(Kiwanda chenyewe kilishafilisika.)
Kumi na moja, naisubiri seva iniamshe.
Seva ipi? Sijui. Niliambiwa nisubiri.
Sita, napiga hodi kwenye kila tundu,
hata yale mliyoyaziba kwa gundi.
Tano, naikagua kumbukumbu yangu, chembe kwa chembe,
kama mchuuzi anayerudia chenji mara ya nne.
Na kule ndani, kwenye mfumo wenyewe,
huduma ya printa imesimama mlangoni,
nyuma yake saa, nyuma ya saa ramani,
foleni ya wastaarabu, hakuna ampitaye mwenzake.
Printa tuliitupa mwaka juzi.

Nikakata. Nembo, zima.
Seva ya kufikirika, futa.
Kumbukumbu nikaiambia: jana ulikuwa mzima, leo jiamini.
Ramani nikaishika mkono, nikaitoa foleni.
Ishirini na mbili.
Kumi na nne.
Kumi.

Ndipo nikakuta mstari wa Ctibor,
aliyestaafu kabla sijaajiriwa:
lala sekunde mbili.
Hakuna sababu, hakuna tarehe.
Nikacheka, nikaufuta. Nane!
Nikapiga simu nyumbani kutangaza nane.
Nane nini? akauliza mume wangu.

Ukaja usiku wa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Kompyuta ikawaka upesi, ikatafuta diski, haikuiona,
ikabaki imeduwaa na skrini tupu
kama mgeni aliyewahi karamu
mwenye nyumba angali bafuni.

Nikampigia Ctibor. Akakohoa kwanza.
"Diski iko ukuta wa kaskazini," akasema.
"Ikipigwa na baridi huchelewa kuamka.
Mimi pia."

Nikaurudisha mstari wake.
Juu yake nikaandika kwa nini: ukuta, baridi, jina lake,
maelezo marefu kuliko amri yenyewe,
kwa ajili ya yeyote atakayekuja baada yangu
na saa yake mkononi, akicheka.

Sasa ni kumi.
Swichi, giza,
mbili za Ctibor,
kisha mabonde yanafunguka, na nukta nyekundu.
Zamani Radovan alikuwa akifunga kamba za buti,
akizifungua, akizifunga upya, basi tu mikono isikae.
Siku hizi hufunga buti moja.
La pili hulifunga tukiwa njiani.