Dirisha Dogo

Chumba cha kufulia kina dirisha moja,
dogo, usawa wa uso wangu,
limejaa mvuke wa mashine tangu asubuhi.
Nimefuta duara kwa kiwiko.
Hapo natazamia mpira, huu mwaka wa kumi na tisa:
kibendera cha kona, nusu ya goli,
na nyuma yake kilima cheusi cha mgodi uliofungwa,
ule uliobaki na mapafu ya baba yangu.

Leo ni vijana, chini ya miaka kumi na minane.
Watatu wageni. Wamesajiliwa juzi usiku,
komeo la Januari likishuka.
Majina sijawabandika mgongoni.
"Ngoja kwanza, Godelieve," kocha aliniambia,
"herufi zina bei."
Hapa mgeni hasubiri siku ya tatu,
jembe anakabidhiwa mlangoni.

Kumi na nne ni Wannes, mtoto wa wafuga ng'ombe,
alileta viatu ndani ya mfuko wa mkate.
Kumi na saba, Ilyas, ametemwa na klabu kubwa ya Antwerp
kwa barua ya mistari minne.
Thelathini na moja ni kipa, Tibor, katoka Slovakia
na maneno matatu tu ya lugha yetu:
yangu, toka, samahani.

Mvua ina chembe za barafu.
Wannes anateleza, anakosa mpira, anakosa mtu,
anaondoka na kibendera.
Kwenye uzio wanacheka, isipokuwa mmoja
mwenye buti za zizini, anayetazama saa.
Ng'ombe hawajui kipindi cha pili.
Kijana anainuka, anamkimbilia yuleyule aliyemkosa,
anamnyang'anya kama anayedai deni,
anatoa pasi bila kuinua uso.
Ilyas anapiga.
Mpira unaingia nusu ile nisiyoiona;
mimi naona wavu tu ukishtuka.
Hashangilii. Anainama kufunga kamba
ambayo haikuwa imefunguka.

Bao lake la pili nililisikia kwa masikio,
nilikuwa nachomoa soksi.

Kipindi cha pili Tibor akaletwa dirishani kwangu.
Shuti la kwanza likampita katikati ya miguu.
"Samahani," akawaambia mabeki.
"Samahani," nadhani akauambia na mwamba.
Dakika themanini na kitu, kona, miili kumi na mitano,
nikasikia sauti nisiyoijua, nene, ya mtu mzima:
"Yangu!"
Akapanda juu yao wote, akashuka na mpira tumboni
na goti la mtu shavuni.

Kisha kapu likaja, na mimi nasoma udongo.
Jezi ya Wannes ina nyasi hata ndani ya kola.
Ya Ilyas ina mstari mmoja wa kijani begani,
tena imekunjwa vizuri, mikono ndani.
Wavulana hawakunji jezi.
Aliyewahi kufukuzwa mahali hukunja vitu vyake.

Kocha akachungulia. "Kumi na saba, bandika.
Kumi na nne pia, bandika."
Simu ikalia, akaondoka nayo,
na mimi sikumfuata kumuuliza.

Thelathini na moja haikuwa kapuni.
Aliileta mwenyewe, ameishika kwa vidole viwili,
shavu limevimba, tope linadondoka sakafuni kwangu.
Ukingo wa mkono wa kushoto umetafunwa.
"Samahani," akasema, akionyesha sakafu.
Nikaipokea.
"Yangu," nikamwambia.

Akacheka, halafu shavu likamkataza.
Alipogeuka aliliona lile duara kwenye kioo,
akasogea, akainama kidogo,
akatazama ninachokionaga mimi kutoka hapa:
kibendera kilichopinda,
mvua,
nusu ya goli lake.